Kamera ya Kwanza: Kabla Hujatoa Pesa, Jiulize Utapigia Picha Wapi

Mwezi uliopita alikuja kwangu binti wa jirani, fundi cherehani, ana bahasha ya kaki mkononi. "Shikamoo anko. Nataka kuanza kupiga picha, nimeambiwa nije kwako." Ndani ya bahasha kulikuwa na shilingi 950,000. Pesa ya kushona sare za shule, miaka miwili. Na kamera alikuwa ameshachagua: alinionyesha kwenye simu, mpya kabisa, megapikseli 24, bei 940,000 pamoja na mkoba wake. Inabaki elfu kumi ya nauli.

Nikamwambia akae kwanza, anywe chai. Nikamsimulia habari ambayo huwa siipendi kuisimulia.

Mwaka 2017 nilikopa 1,200,000 kwenye kikoba cha mama watoto. Riba asilimia 10, miezi sita, na dhamana ilikuwa jina lake yeye mbele ya wanawake wenzake. Nikaenda Dar, nikanunua kamera mpya na lenzi yake ya boksini, ile ya 18-55. Pesa yote ikaishia hapo. Nikarudi Morogoro na basi nimeipakata kama mtoto mchanga. Wiki ya kwanza nikapiga picha za mahafali uwanjani, jua la saa saba, picha zikatoka safi. Nikaona nimeshatoka kimaisha.

Kazi ya pili ilikuwa sendofu. Malipo 250,000. Ukumbi umepambwa vitambaa vya zambarau kuanzia juu hadi chini, taa za rangi zinazunguka, na MC akaomba taa kubwa zizimwe wakati wa keki ili "ipendeze". Baba mzazi wa binti, mzee anatembelea fimbo, akasimama akamlisha binti yake keki, halafu akamwekea mkono kichwani. Ukumbi mzima kimya. Mimi nimesimama pale nabonyeza, kamera haipigi. Lenzi inaenda mbele inarudi nyuma inatafuta pa kulenga, haioni. Ikipiga, flashi yake ya juu inamulika vichwa vya watu wa mbele tu, mzee yuko gizani. Kisha nangoja sekunde kadhaa flashi ijichaji.

Nilipata picha 11 za tukio lile. Nyeusi, au zimetikisika. Hata moja haikufaa. Nilirudisha laki moja, nikaomba radhi, nikadhani yameisha.

Baada ya miezi saba kaka wa yule binti akagonga mlango. Mzee amefariki. Wanaomba ile picha ya keki, waiweke mbele ya jeneza na kwenye ratiba ya mazishi, maana mzee hakuwa mtu wa kupigwa picha. Sikuwa nayo. Walichukua picha ya kwenye kitambulisho chake cha mpiga kura wakaikuza, uso ukawa vidoti vidoti. Nilikaa nyuma kabisa msibani nikiiangalia ile picha, nikihesabu na marejesho yaliyobaki kikobani.

Kamera ile haikuwa mbovu. Ilikuwa kamera nzuri ya mchana. Kosa langu ni kwamba nilinunua bila kujiuliza kazi inayonilipa inafanyika saa ngapi na kwenye mwanga gani.

Sasa fikiria mtaani kwako. Harusi: kanisani saa tisa, madirisha yako nyuma ya padri au mchungaji, ndani giza. Ukumbini saa moja usiku kuendelea. Kicheni pati, jioni. Maulidi, usiku. Singo, usiku. Kipaimara na ubarikio, ndani ya kanisa. Kinachobaki mchana ni mahafali, picha za familia Jumapili baada ya ibada, na pasipoti za kwenye kibanda. Kwa hiyo sehemu kubwa ya pesa yetu inatoka gizani. Kamera ya kwanza ipimwe kwa giza hilo. Pichani kule dukani, mbele ya taa zote zile na ukuta mweupe, hakuna kamera mbaya.

Na giza linashindwa na vitu viwili: lenzi yenye mdomo mpana, na flashi ya kupachika juu. Bodi ya kamera inafuata baadaye. Hapa ndipo wengi tunapigwa, kwa sababu muuzaji anakuuzia bodi.

Tazama mbele ya lenzi yoyote utaona namba imeandikwa. Ile ya boksini inaandikwa 18-55mm na 3.5-5.6. Hizo namba za mwisho ni ukubwa wa tundu la kupitisha mwanga, na zinasomeka kinyume: namba ndogo, tundu kubwa. Ukivuta hadi 55 ili umlete mtu karibu, tundu lako linabana hadi 5.6. Sasa ipo lenzi nyingine fupi, nyepesi, haivuti wala hairudishi, inaitwa 50mm f/1.8. Canon wanayo, Nikon wanayo, na ni kati ya lenzi za bei ndogo kabisa walizonazo. Tundu lake la 1.8 linapitisha mwanga karibu mara kumi ya lile la 5.6. Ni sawa na watu wawili wanaokinga mvua ileile, mmoja na chupa, mwingine na beseni.

Mara kumi ina maana gani ukumbini? Kama kamera yenye 5.6 ilihitaji kubaki wazi moja ya kumi ya sekunde ili kuona, ile ya 1.8 inatosheka na kama moja ya mia. Kwa moja ya kumi mtu akigeuza shingo tu picha imeharibika. Kwa moja ya mia mzee anamlisha binti keki, na unaona hadi makunyanzi ya mkono. Ndiyo tofauti ya mimi kuwa na ile picha na kutokuwa nayo, na lenzi yenyewe ilikuwa inauzwa chini ya robo ya mkopo wangu.

Ina kasoro zake, nisikufiche. Kwenye kamera ndogo za kuanzia, ambazo sensa yake si ile kubwa, 50mm inakuwa kama 75 au 80. Ukitaka kupiga ukoo wa watu 15 utarudi nyuma hadi ugongane na ukuta. Kwa hiyo ile 18-55 usiitupe. Kazi yake ni vikundi, pamoja na flashi.

Flashi nayo: ile inayoruka juu ya kamera yenyewe haikusaidii zaidi ya mita chache, tena inampiga mtu usoni, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta na ukutani kuna kivuli cheusi. Flashi ya kupachika unaigeuza kichwa, unapiga darini, mwanga unarudi taratibu juu ya watu wote. Ila angalia dari. Ikiwa imefunikwa kitambaa cha zambarau, watu wote watarudi zambarau. Hapo geuza kwenye ukuta mweupe, au weka kadi nyeupe nyuma ya flashi uibandike na rababendi. Na kasi usizidishe 1/200 kwenye hizi kamera ndogo, utakuta ukanda mweusi umekata picha.

Tuje kwenye bodi. Bodi inaweza kuwa ya zamani kabisa na ikakulisha. Canon 5D Mark II ilitoka mwaka 2008, ina megapikseli 21, na hadi leo utaikuta harusini. Megapikseli ndicho kitu cha mwisho kukuumiza kichwa: kusafisha picha ya ukubwa wa A4 kwa ubora wa dukani kunahitaji pungufu ya megapikseli 9. Ukiwa na 12 umevuka. Ukiwa na 18 unasafisha hadi ya ukutani. Na mteja wako mwenyewe atazitaka kwenye WhatsApp, ambako zitabanwa hata kama ulipiga na kamera ya milioni kumi.

Lakini ukienda kununua ya zamani, kuna mitego ya kulinganisha vitu na vitu. Hii sikuisoma mahali, nimeiona kwa watu wanalia.

Wa kwanza ni wa Nikon. Kamera zao ndogo, zile za D3000 na D5000 na ndugu zake kama D3500 na D5300, hazina mota ndani ya bodi ya kusukuma lenzi ilenge. Lenzi lazima iwe na mota yake, ndiyo zile zilizoandikwa AF-S. Sasa kuna 50mm f/1.8D, ya zamani, rahisi, inashawishi. Ukiifunga kwenye D3500 itapiga, lakini utalenga kwa mkono kama unafungua bomba, na harusi haikungojei. Tafuta AF-S 50mm f/1.8G. Ukiwa na D7000, au zile kubwa kama D700, hiyo D inafanya kazi bila shida.

Kwa Canon, lenzi zilizoandikwa EF zinaingia kwenye kamera zao zote za kioo, za EOS. Zilizoandikwa EF-S ni za kamera ndogo tu, kwenye 5D au 6D hazifungi. Kwa hiyo kama una ndoto ya kupanda baadaye, EF ni pesa inayohama na wewe.

Halafu tazama pale juu panapopachikwa flashi. Katikati panatakiwa pawe na kidoti kikubwa cha chuma. Kuna kamera mpya za kuanzia zilitengenezwa bila kidoti hicho, kwa mfano Canon 250D ya mwaka 2019. Kamera nzuri, ina video nzuri, ila triga na flashi za kawaida za bei nafuu, zinazotegemea kidoti hicho kupokea amri, hazitawaka. Mtu ananunua taa za studio, anafunga kila kitu, anabonyeza, kimya. Anadhani taa ni mbovu.

Na kadi. 5D Mark II na 7D zinatumia kadi pana za CF, si hizi SD. Mteja anataka picha zake leo, unakimbilia stesheni ya jirani, msomaji wao wa kadi anameza SD tu. Kama umenunua kamera ya CF, nunua na kisomeo chake siku hiyohiyo.

Mirolesi mnaniuliza sana. Ni nzuri, ndiko dunia inakokwenda, na kwa video zimetuacha mbali. Lakini zinakula betri haraka zaidi na lenzi zake ni ghali. Kwa mtu wa mtaji wa chini ya milioni na nusu, bado nasema kamera ya kioo iliyotumika.

Canon au Nikon? Jibu langu huwa linawaudhi watu: nunua ile waliyonayo wapiga picha wa mtaani kwako. Siku moja betri itakufia katikati ya ndoa. Siku nyingine utahitaji lenzi ndefu kwa kazi ya siku moja. Kama wenzako wanne wote wana Canon na wewe peke yako una Nikon, huna wa kumwazima. Uliza hadi aina ya betri. Canon 550D, 600D, 650D na 700D zote zinatumia LP-E8. 5D Mark II, 6D, 7D na 60D zinatumia LP-E6. Mimi na majirani zangu wawili tuna LP-E6, na zile betri zimezunguka kwetu hadi hatujui ipi ya nani.

Sasa umefika Kariakoo, au kwa mtu aliyeweka tangazo mtandaoni. Nenda na kadi yako mwenyewe na betri yako kama unayo. Nenda mchana. Mambo ninayoyafanya mimi ni haya: nachomoa lenzi nawasha tochi ya simu, namulika upande mmoja natazama upande wa pili. Ukiona utando kama wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni fangasi. Sisi wa pwani na mabondeni unyevu unatuletea sana hii, na lenzi zilizokaa Tanga au Zanzibar bila kutunzwa huwa nazo. Irudishe, hata kama anapunguza bei. Kisha napiga anga au ukuta mweupe nikiwa kwenye f/16. Vidoti vinavyokaa mahali palepale kila picha ni uchafu kwenye sensa. Uchafu husafishwa. Mkwaruzo, hapana.

Halafu naomba kuingia ndani ya duka, kwenye kona ya giza, nyuma ya maboksi. Wauzaji huwa wananishangaa. Naweka ISO 3200, napiga sura ya mtu. Inalenga au inahangaika? Huo ndio mtihani wenyewe, maana ndiyo kazi niliyoinunulia.

Uliza na shata imepiga mara ngapi. Kamera ndogo nyingi zinakadiriwa kama mara 100,000 hivi. 5D Mark II ilitangazwa kwa 150,000. Si kwamba ikifika inakufa, zipo zilizozidisha sana na zipo zilizokata kabla. Ila fanya hesabu: harusi moja unabonyeza kama 1,500. Kamera iliyotoka kwa mpiga picha wa harusi aliyefanya 40 kwa mwaka imekula 60,000 mwaka mmoja tu. Nikon nyingi, namba hiyo inajificha ndani ya faili la picha, unaisoma kwa programu za bure. Canon nyingi haionekani kwenye picha, inahitaji waya na kompyuta. Muuzaji akikwambia "hii haijapigwa kabisa kaka" na raba ya kushikia imeshabanduka, unajua mwenyewe.

Na hili msilipuuze kwa sababu ya bei ya kutupa. Kamera zinaibwa sana. Usinunue kwa mtu njiani. Chukua risiti yenye namba ya kamera ile iliyo chini ya bodi. Ikiwa ni mtu binafsi, andikishianeni kwa mwenyekiti wa mtaa, ubaki na nakala ya kitambulisho chake. Ukikutwa na mali ya wizi, maelezo ya "mimi nilinunua tu" utayatolea kituoni.

Kabla sijasahau, kuna dada zangu humu wanaouza mikoba, vitenge, keki, wananiandikia inbox wanataka kamera ya kupigia bidhaa. Wewe usinunue. Simu yako, dirisha lenye mwanga wa asubuhi, na karatasi nyeupe ya manila vinatosha. Hiyo pesa ongeza mzigo.

Turudi kwa binti wa cherehani. Tulikwenda wote. Tulipata Canon 600D iliyotumika, na 18-55 yake, 380,000. 50mm f/1.8 iliyotumika, kioo kisafi, 180,000. Flashi ya kupachika na triga, 150,000. Betri nne za kuchaji za flashi na chaja yake, 40,000. Betri ya pili ya kamera, 30,000. Kadi mbili za GB 32, 50,000; mbili na si moja, kwa sababu kadi moja ikifa na harusi ya watu imekufa. Jumla 830,000. Hizi ni bei tulizozipata sisi siku ile baada ya kubishana hadi saa tisa, wewe utakuta zako. Zikabaki 120,000, nikamkataza kuzigusa: ni nauli, ni kusafishia picha za kuonyesha wateja, ni kula wakati kazi haijaja. Cherehani haijauzwa, na nimemwambia asithubutu.

Hakufurahi, nisiwadanganye. Kwenye basi alikuwa kimya. Kamera ya zamani, raba imechubuka pembeni, haina boksi. Marafiki zake walishaona ile ya kwenye simu.

Jumapili iliyopita alipiga ubarikio wa mtoto wa shangazi yake, kazi ya kwanza ya kulipwa, 60,000. Jioni akanitumia picha tatu. Ya pili ni bibi amekaa benchi la mwisho kanisani, mwanga wa dirisha umemwangukia upande mmoja, kitambaa chake cheupe kichwani. Hakutumia flashi. Tatizo lake, imelenga sikio, jicho limelainika kidogo. Nikampigia nikamwambia f/1.8 ukimkaribia mtu ndiyo tabia yake, siku nyingine arudi kwenye 2.8 na alenge jicho lililo karibu.

Akasema sawa anko, ila bibi ameshaiona, na ameagiza mbili za A4.